Aliyekalia Kiti cha Dada Yake

Ndugu zetu mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, majirani, wafanyakazi wa reli mliokuja na sare zenu, na ninyi mliosimama huko nje kwa kukosa viti, familia imeniomba, mimi binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza yasomwe bila kupakwa rangi, mtasikia mazuri yake na mtasikia pia lile lililomkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni, hautoki wala hauendi chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba fundi wa breki na mama mshonaji wa sare, akitanguliwa na dada yake aliyemzidi miaka mitatu, ambaye ndiye huyu shangazi yetu aliyekaa hapa mbele, na ambaye mtamsikia humu kila mara, kwa sababu hakuna njia ya kusimulia maisha ya mmoja wao ukamruka mwenzake. Bibi yetu alikuwa akisema kwamba yeye alizaa tu, umama wenyewe alinyang'anywa na binti yake, kwani dada ndiye aliyemfundisha mdogo wake kutembea, kupiga mluzi, na kumsingizia paka sukari inapopungua koponi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 katika shule iliyopakana na reli, ambako masomo yalisimama kila treni ilipopita, akaendelea na sekondari mwaka 1972 na kuhitimu mwaka 1975, akiwa mwanafunzi wa katikati, si wa kusifiwa wala wa kuonewa huruma, ambaye mwalimu wake wa hesabu alimwandikia kwamba akili anayo ila huiacha nyumbani. Alipomaliza akaingia karakana kumsaidia baba yake kupaka grisi na kubeba vyuma, naye babu yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mkali, mwenye mkono mwepesi na kumbukumbu ndefu, na makosa ya kijana huyu aliyahesabu hata yale ambayo hayajatendwa.

Raha yao wale ndugu wawili ilikuwa ziwani. Mjomba wao, mpiga chapa, alikuwa na mashua ndogo ya makasia katika lile ziwa la maji baridi lililo juu ya mji, wanakoishi samaki aina ya trauti, na ndiye aliyewafundisha uvuvi ambao si wa kuning'iniza mnyoo na kusinzia, bali wa kufunga manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na kidudu, kisha kupunga fimbo mbele na nyuma, mshipi ukipita juu ya kichwa, hadi kile kidudu cha uongo kikatua juu ya maji polepole kana kwamba kimejipeleka chenyewe. Ziko jioni chache katika mwaka, joto linapoanza kurudi, ambapo vidudu vyenye mabawa membamba ya kupitisha mwanga, vile ambavyo uhai wao wa hewani ni wa siku moja tu, huibuka kutoka chini ya ziwa kwa maelfu na kukaa juu ya maji kukausha mabawa, na hapo trauti waliojificha mwaka mzima hupanda wote kula, uso wa ziwa ukajaa vijiduara kama vile mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu. Mtu aliyewahi kuuona wakati huo hasahau, na mtu mwenye fimbo mkononi wakati huo hasikii la mtu.

Mjomba kwa kulijua hilo aliwawekea sheria moja, kwamba katika mashua ndogo kama ile anarusha mmoja tu, mwenzake atulie na makasia yake mpaka zamu igeuke, maana mshipi unaorudi nyuma una ndoana mwishoni na hauna macho.

Mwaka 1979 reli ilitangaza nafasi moja ya kusomea udereva wa treni kwa watoto wa wafanyakazi wa stesheni yetu, wakafanya mtihani wengi, wakiwemo hawa wawili, na majibu yalipotoka dada alikuwa wa kwanza na marehemu wa pili, dada akachukuliwa na marehemu akawekwa akiba. Hakuna mwanamke aliyewahi kuendesha treni katika karakana ile, na bibi yetu alikaa na kitambaa mapajani siku nzima akijiuliza suruali ya dereva mwanamke inakatwaje, kisha akaikata kwa kukadiria, na ikamkaa. Mafunzo yalikuwa yaanze mwezi Januari.

Jumamosi tarehe 20 Oktoba 1979, jioni, walikuwa ziwani wawili peke yao, na vidudu vikapanda. Zamu ilikuwa ya dada, amesimama mbele ya mashua anarusha, na marehemu amekaa nyuma na makasia, ndipo upande wake, karibu kabisa, akapanda trauti mkubwa kuliko wote waliowahi kuwaona, akapanda tena mahali pale pale, na marehemu, ambaye alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na damu inayochemka, akaachia makasia, akaichukua fimbo yake, akasimama bila kusema neno, akairudisha nyuma kwa nguvu zake zote. Alituambia kwamba aliuhisi mshipi umeshika, na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alifurahi akidhani ni samaki.

Kisha akasikia sauti ya dada yake, ya chini kabisa, wala si ya kupiga kelele.

"Usivute. Weka fimbo chini. Nimesema usivute."

Ndoana ilikuwa katika jicho lake la kulia. Marehemu aliukata mshipi kwa meno, akapiga makasia hali mikono haishiki, naye dada ameinamisha kichwa, leso usoni, na huku nyuma samaki wanaendelea kula kama kawaida. Karibu na ufukwe dada akanyanyua uso.

"Nimejichoma mwenyewe," akasema. "Upepo umenirudishia ndoana. Umesikia?"

"Dada, mimi ndiye..."

"Anayevuja damu ni mimi, basi ni mimi nitakayesema ilivyokuwa. Baba akijua atakuua, na mashua ya mjomba ataifanya kuni. Daktari ataitoa ndoana, jicho litapona, na hadithi itakwisha. Umesikia wewe?"

Marehemu akasema amesikia. Jicho halikupona. Wakati madaktari wanasema kwamba halitaona tena, maneno ya dada yalikuwa yameshatembea nyumba hadi nyumba, baba ameyaamini, mama ameyalilia, mjomba ameketi kitandani kwa mgonjwa akijilaumu kwa kuwafundisha, na marehemu amesimama hapo hapo mlangoni, kinywa kimefungwa, akingoja siku iliyo rahisi ya kusema, na siku hiyo, kama tujuavyo sote, huwa haiji.

Mwezi Desemba reli ikasema haichukui dereva mwenye jicho moja, ikamwita aliyewekwa akiba. Marehemu alitaka kukataa, akaenda kumwambia dada yake uani, ambako alikuwa akianika nguo akipapasa kamba, kwani alikuwa bado hajazoea umbali wa vitu.

"Siendi," akamwambia. "Nitawaambia wote leo, na siendi."

"Ukiwaambia watanirudishia jicho?" dada akauliza. "Nenda. Kiti kile kisije kikakaliwa na mtu nisiyemjua."

Akaenda. Aliapishwa kazini tarehe 7 Januari 1980, akasoma, akafaulu, akapewa kichwa cha treni, na kwa miaka thelathini na minane aliwapeleka watu kazini na kuwarudisha, akiwa dereva wa kusimama pale hasa panapotakiwa, asiyechelewa kwa uzembe wala kuwahi kwa papara, na wenzake wanaomfahamu watakubali kwamba hakuwahi kujisifu hata mara moja, wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Alituambia kwamba kila alipopanda ngazi ile alikuwa kama mtu anayeingia chumba cha mwenzake bila kubisha hodi.

Dada naye akapewa kazi stesheni, ya kutangaza treni kwenye kipaza sauti, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2015, na sauti ile nzuri, ambayo wengi wenu mliijua kabla ya kumjua mwenyewe, ndiyo iliyompokea marehemu kila alipoingia stesheni, ikitaja namba ya treni yake, jukwaa lake, na kama amewahi au amechelewa. Msaidizi wa marehemu kwenye kichwa cha treni alizoea kumwona akijifuta macho mahali hapo hapo, naye akimwambia ni vumbi la breki. Mwaka 1994 marehemu aliomba ruhusa, akaipata, ya dada kupanda naye mbele siku moja ili aione njia jinsi dereva anavyoiona, na dada alikuja asubuhi amevaa vizuri, akashika kishikio cha mlango, akatulia, kisha akakiachia.

"Huko mbele siendi kuwa abiria," akasema, akarudi kwenye kipaza sauti chake, na dakika chache baadaye akaitangaza treni ile ile kwa sauti isiyotikisika.

Tarehe 12 Julai 1986 marehemu alifunga ndoa na mama yetu, mwalimu wa watoto wadogo, wakajaliwa watoto watatu, na baadaye wajukuu watano, na katika nyumba ile hatukukosa kicheko wala kelele, kwani baba alikuwa mtu wa mizaha, aliyeweza kuiga sauti ya kila mkaguzi wa tiketi aliyepata kuajiriwa. Ziwani aliendelea kwenda, kwa sababu dada alimwambia kwamba akiacha kumpeleka atakuwa amemtoa jicho la pili, lakini tangu jioni ile hakurusha mshipi tena, yeye alipiga makasia tu, hata watu wakambandika jina la Kasia. Tulipomuuliza mbona wewe hurushi, akajibu mkono wake una kutu. Mtu mwenye jicho moja anapata tabu kupima umbali, na shangazi alilazimika kujifunza upya, akiangusha chambo nyuma ya samaki, mbele ya samaki, popote ila pale anapotaka, na ikamchukua miaka miwili mkono wake kurudi, na miaka yote hiyo marehemu alikaa nyuma yake akiangalia, na kila shangazi alipokosea, baba alituambia, ilikuwa kama amekosea yeye.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2018, na wenzake wakamwandalia sherehe katika ukumbi wa chakula wa stesheni, meza zimeunganishwa, keki yenye umbo la treni, na mkuu wake wa kazi akasimama kumsifu, akasema huyu ametumikia miaka yote hii bila ajali hata moja. Lilikuwa neno la kawaida katika hotuba kama hizo, lakini lilimwingia marehemu mahali palipokuwa wazi.

"Bila ajali?" akasema akisimama. "Ajali ninayo moja, na mwenyewe yule pale," akimwonyesha dada yake kwa kidole.

Akasema yote, mashua, samaki, ndoana, nafasi ya masomo, mbele ya watu waliokuja kula keki. Alilia, na watu wakaona haya, kisha wakafanya lile ambalo yeye hakulifikiria, wakageuka wote kumtazama dada yake usoni. Shangazi aliokota mkoba wake akatoka. Marehemu alimfuata hadi jukwaani, na mama yetu aliyekuwa nyuma yao akasikia.

"Umemaliza?" shangazi akauliza.

"Dada, nilikuwa nakufa nalo."

"Lilikuwa letu wawili, ukalitua peke yako, mimi ukaniacha nimeshika. Miaka yote hii nimekuwa mtu aliyejiumiza mwenyewe akainuka. Hapa leo umenifanya mtu aliyeumizwa, na kesho sokoni ndivyo watakavyonitazama. Ungeniuliza tu."

Alikwenda zake, na hakuzungumza naye kwa miaka minne. Ndugu walikwenda kusuluhisha, wakapewa chai nzuri na majibu mafupi. Marehemu mwenyewe hakutaka asuluhishiwe, kwani kwa maneno yake kosa la kwanza lilikuwa la kijana aliyeona samaki, lakini la pili lilikuwa la mtu mzima aliyetafuta nafuu yake, na hili la pili ndilo lililomuuma zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, naye alikuwa ameyamwaga mara mbili. Alikuwa akienda ziwani peke yake, anakaa kwenye mashua katikati ya maji bila fimbo, kisha anarudi.

Mwezi Machi 2022 alianza kukohoa, akapimwa, ikaonekana ni saratani ya mapafu iliyokwishaenea, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Tulitaka kumwita shangazi, baba akatukataza, akasema hana haki ya kumvuta mtu kwa kamba ya ugonjwa. Shangazi alikuwa anajua, mji wenyewe ni huu huu, na hakuja.

Jioni moja ya Oktoba akaja. Hakubisha, aliingia na fimbo yake mkononi, akasimama sebuleni akamuuliza mama, "Wifi, anaweza kukaa kwenye mashua?"

Mama akasema daktari amekataza baridi.

"Daktari ana lake. Mimi nimeuliza kama anaweza kukaa."

Kutoka chumbani baba akajibu kwamba anaweza.

Nilipiga makasia mimi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Baba alikaa nyuma, amefungwa mablanketi mawili, shangazi katikati, tukangoja mpaka vidudu vilipoanza kupanda, vinatutulia mikononi na magotini, na ziwa likaanza kujaa vijiduara.

"Jicho nilikusamehe kabla hatujafika ufukweni," shangazi akasema, bila kugeuka. "Ulikuwa mjinga tu, na yule samaki alikuwa mkubwa kweli."

Baba akauliza, "Na treni?"

"Treni bado."

"Na ile siku ya keki?"

"Hiyo naishughulikia. Imebaki kidogo."

Baba akacheka mpaka kifua kikamkaba, tukangoja apate pumzi. Alipoipata akasema, "Basi safari hii nakuuliza. Nikifa wataandika historia yangu. Hili lisomwe, au tulizike?"

"Lisomwe," shangazi akasema. "Lakini lisomwe lote, na habari ya kiti pia. Na waambiwe kwamba sikulalamika kwa sababu sikutaka kulalamika, si kwa sababu sikuumia."

Nimelisoma kama alivyosema.

Baada ya kusema hayo, shangazi akampa baba fimbo. Baba akairudisha, akasema hawezi, mkono hauwezi, hata kama ungeweza yeye hawezi, na shangazi akamwambia, "Usinifanye nikubembeleze mbele ya mtoto," akajilaza chini kabisa ndani ya mashua, akachukua kopo la kukombea maji akajifunika nalo usoni, na sauti yake ikatoka humo ndani ikisema, "Rusha sasa, na uangalie, hili lililobaki bado nalitumia." Baba alirusha mara ya kwanza mshipi ukamwangukia mwenyewe mabegani, mara ya pili ukaanguka karibu na kasia langu, na mara ya tatu ukatua, na trauti mdogo, wa kiasi cha kiganja, akakichukua kile chambo kana kwamba alikuwa akikingoja. Walimtoa ndoana wakiwa wameshikana mikono, wakamwachia majini, na shangazi akasema wamerudi ziwani kwa ajili ya kisamaki kama hiki, aibu gani.

Lakini tusiwadanganye. Usiku ule mama alimuuliza kama amepata nafuu, na baba akajibu kwamba alidhani atarudi mwepesi, ila mzigo ni ule ule, tofauti ni kwamba sasa una mahali pawili pa kushikia. Kuanzia hapo shangazi alikuja kila siku, akamlisha supu, akamgeuza, akagombana na wauguzi kwa niaba yake, na mara nyingine, wakiwa wawili tu, tulisikia mle chumbani kimya kizito ambacho hakikuwa cha usingizi, na hatukuingia. Mara moja tulimsikia baba akisema nisamehe, na shangazi akimjibu kunywa dawa kwanza.

Alifariki dunia tarehe 2 Februari 2023, saa nane mchana, katika wodi ya kifua, dada yake akimsomea gazeti, na alipoona hasikilizi tena aliimalizia ile habari aliyokuwa akiisoma, akalikunja, ndipo akatuita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile kwa uvumilivu wao, hasa kwa kutuvumilia sisi, inawashukuru majirani walioleta viti, vyombo na mikono yao bila kuombwa, na wafanyakazi wa reli, wa zamani na wa sasa, waliombeba leo kwa mabega yao. Tulitaka pia kumshukuru shangazi yetu, akatukatalia, akasema mtu hashukuriwi kwa kumuuguza mdogo wake, na kwamba hataki yeyote atoke hapa akidhani mambo yote yaliisha vizuri, kwani yako yaliyokwisha, na yako ambayo leo jioni anarudi nayo nyumbani, na huko atakaa nayo peke yake kwa mara ya kwanza, maana aliyekuwa akiyabeba pamoja naye ndiye huyu tunayemlaza.

Lala, baba yetu, katika amani ile uliyoipata, na ile uliyoikosa tuachie sisi tuitafute.